Fundi alimwambia daktari "mbili tatu tu"

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: "Mtu anayekula vizuri na kufanya mazoezi, bia mbili kila jioni zinamdhuru?" Majibu mliyokwisha kuchapisha nimeyasoma. Wengi wamesema kila kitu kwa kiasi, na mmoja akaleta habari za babu yake aliyekunywa mpaka akavuka miaka tisini. Mimi najibu kutokea nyuma ya kaunta. Niliuza bia Tabata, Dar es Salaam, kuanzia 2011 hadi 2022, grosari ya meza sita na friji mbili, na mwenyewe sinywi. Niliwahi kuonja, nikaona watu wanalipia uchungu. Kwa hiyo ninachokijua kuhusu hicho "kiasi" nimekijua kwa kuandika madeni.

Nilikuwa na mteja mmoja, fundi magari, gereji yake iko mtaa wa nyuma. Alikuwa mtu wa "mama, niandikie". Anakunywa wiki nzima, Jumatatu akishafanya hesabu za gereji anakuja kulipa. Jumatatu moja asubuhi akaanguka kazini. Vijana wake wakambeba hadi kituo cha afya, presha ikasoma 190 kwa 110. Daktari akamuuliza, mzee unakunywa? Akasema kidogo. Kidogo ndiyo kiasi gani? "Mbili tatu tu."

Mkewe alikuwa amekaa pale pembeni, hakutia neno. Kesho yake napanga kreti nikamwona amesimama mlangoni, khanga mabegani. Nikajua leo natukanwa mtaa mzima usikie. Hakunitukana. Alisema, "Dada, samahani, naomba unionyeshe daftari."

Nilisita, maana daftari la madeni ni siri ya mteja kama faili la hospitali. Lakini kwa jinsi alivyokuwa ameninyamazia, nikalitoa. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, kila chupa kijiti kimoja cha peni ya bluu, nikifika cha tano navikata kwa mstari. Tukahesabu wote wawili, yeye anafuatisha kwa kidole. Jumatatu nne, Jumanne tatu, Jumatano tano, Alhamisi nne, Ijumaa sita, Jumamosi saba. Jumapili mbili, kwa sababu Jumapili alikuwa anashinda na watoto. Thelathini na moja. Na hizo ni za kuandikwa peke yake, maana akiwa na hela mfukoni alikuwa analipa palepale na mimi siandiki kitu. Mama wa watu akataka kuupiga picha ule ukurasa, simu ikawa imezima. Basi nikauchana nikampa ampelekee daktari.

Sisemi fundi alidanganya. Nimewahudumia wanywaji miaka kumi na moja, najua wanavyohesabu. Ya ofa haihesabiwi, kwa kuwa hukuinunua wewe. Ya kufungia haihesabiwi, kwa kuwa umeinywa umesimama. Ya kuzimua asubuhi nayo ni dawa. Ukishatoa zote hizo, kwenye saba zinabaki mbili tatu, na mtu anaapa kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa turudi kwenye bia mbili za swali lenu. Chupa yetu ya kawaida ni mililita 500, kilevi asilimia 5 hivi. Ndani yake mna mililita 25 za alkoholi tupu, uzito wake karibu gramu 20. Wataalamu wengi wakisema "kinywaji kimoja" wanamaanisha gramu 10. Kwa hiyo mbili za kwetu kwao ni nne, na mtu wa mbili kila jioni anamaliza wiki na gramu 280. Uingereza, ambako baa ziko kila kona, mwaka 2016 madaktari wakuu wa serikali waliwashauri watu wasizidishe yuniti 14 kwa wiki. Hiyo ni gramu 112, chini ya chupa sita zetu, tena zigawanywe siku kadhaa, zisinywewe usiku mmoja. Fundi wangu alikuwa kwenye 620.

Pombe kali ndiyo inawapoteza watu zaidi. Mzinga wa mililita 750 wenye kilevi asilimia 35 una zaidi ya gramu 200, yaani bia kumi. Wanaume watatu wanakaa nao mezani, wakiondoka wanasema tumekunywa mmoja tu. Machi 2017 viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipopigwa marufuku, vijana wangu wa bodaboda walihamia kwenye kichupa cha mililita 200, ambacho ni sawa na bia karibu tatu na kinaingia mfuko wa koti bila kujulikana. Sitaki kuonekana naitetea biashara yangu, lakini bia angalau ilikuwa inawajaza tumbo mapema.

Kuna jambo lingine naona wengi hawalifahamu, na mimi nililielewa kwa kuangalia meza zangu. Meza ya karibu na ukuta tuliiita meza ya soda. Walikaa pale wasiokunywa. Ungewaangalia haraka ungesema hawa ndio wenye afya zao. Wapi! Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu aliyeambiwa ini limeharibika. Wa pili dereva wa lori mwenye sukari, vidole viwili vya mguu vimekatwa. Wa tatu alikuwa na vidonda vya tumbo. Wote walikuwa wanywaji wangu, tena wazuri, waliacha baada ya mwili kugoma, wakaendelea kuja kwa ajili ya mazungumzo. Mtafiti angeingia jioni moja na karatasi zake, akapima meza ya soda na meza ya jirani ya vijana wa bia mojamoja, angeondoka anaandika kwamba soda inaua na bia inajenga.

Nasikia ndicho kilichotokea kwa wenzetu, kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1991 televisheni moja ya Marekani ilirusha habari za mwanasayansi wa Kifaransa, Serge Renaud, aliyekuwa anaeleza kwa nini Wafaransa wanakula siagi na jibini na bado magonjwa ya moyo kwao ni machache. Divai nyekundu ikapewa sifa yote, na mauzo yake huko Marekani yakapanda. Hadi Tabata ilifika: nilikuwa na mteja mhasibu, kila akiagiza glasi anasema anasafisha mishipa. Lakini miaka mitatu kabla ya kipindi hicho, 1988, daktari wa Uingereza aitwaye Gerald Shaper na wenzake walikuwa wameshaandika kwamba katika kundi la "wasiokunywa" wamo wengi walioacha kwa sababu ya ugonjwa. Kumbe na wao walikuwa na meza yao ya soda. Baadaye watafiti walipowatenga walioacha na wale ambao hawajawahi kunywa kabisa, faida ya kunywa kidogo ikapungua sana, kwingine ikapotea. Tena mnywaji wa glasi moja ya divai mara nyingi ni mtu mwenye kazi nzuri, bima, na muda wa kutembea jioni. Mhasibu wangu alikuwa na vyote vitatu.

Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Sababu kubwa ni saratani. Mwili ukivunja alkoholi unapitia kwanza kwenye kemikali iitwayo asetaldehidi, nayo huharibu vinasaba vya seli. Pombe imo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu huohuo mwaka 1988, pamoja na sigara. Mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana, na kwa akina mama matiti. Hiyo ya matiti nilipowaambia wateja wangu wanawake walicheka, wakidhani nimeitunga ili waume zao wabaki peke yao.

Mliuliza pia kuhusu "kula vizuri". Hapa natubu. Mnywaji wa kwetu hali vizuri, na mimi nilichangia. Nyama choma ilikuwa inakuja kwenye sinia na kilima kidogo cha chumvi pembeni, na mchoma nyama wangu alikuwa ameshaitia nyingine kwenye moto. Chumvi inauza bia. Kila muuzaji analijua hilo, na jioni ambayo nyama ilikuwa imepoa chumvi, kreti zilibaki. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Kilima kile peke yake kilikuwa kinakaribia. Weka na kukaa: mtu anaingia saa kumi na moja jioni, anatoka saa tano usiku, amenyanyuka kwenda chooni tu. Weka na sigara, hata kwa wale wanaosema hawavuti isipokuwa wakinywa. Sigara na pombe pamoja ni hatari zaidi kwa mdomo na koo kuliko ukizijumlisha kila moja na yake. Ndiyo maana ukiniuliza bia ilimfanya nini fundi, siwezi kuitenganisha na sinia.

Mazoezi je? Jumapili asubuhi klabu ya joging ya mtaa wetu ilikuwa inamalizia kwangu, fulana zimelowa, supu na bia ya baridi. Nilifurahi, ndiyo siku niliyouza mapema. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anachoma kalori kama 350. Chupa moja ina 200 na ushee. Kukimbia kunasaidia moyo na presha kweli, hilo sibishani nalo, ila ini halikimbii. Linavunja kilevi kwa mwendo wake lenyewe, chupa moja kwa saa mbili hadi tatu, na supu, kahawa wala jasho haviliharakishi.

Lakini kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kwenye ukurasa wenu, ningesema la dawa. Nimewaona kwa macho yangu watu wa presha, wa sukari, hata wenye dawa za kila siku ambazo hawataki zitajwe, wakija Ijumaa wanasema, "Mama, leo nimeruka dawa, nakunywa." Wanaona wamefanya la busara, kwa kuwa wameambiwa dawa na pombe havichanganywi. Wanaanza tena Jumatatu. Siku tatu mwili hauna kinga yoyote, na juu yake pombe inapandisha presha na chumvi inaongeza. Nesi mmoja aliyekuwa anakuja kununua maji kwangu alikuwa anawafokea: bia ni kosa moja, kuruka dawa ni la pili, na zipo dawa za presha ambazo ukizikata ghafla moyo unashtuka. Muulize aliyekuandikia, tena mwambie ukweli unakunywa ngapi. Na hapo tunarudi kwa fundi na mbili tatu zake, kwa sababu daktari anapima dozi kwa kile alichoambiwa.

Na aliyezoea kunywa sana asiache kwa hasira siku moja peke yake chumbani. Mmoja wa wateja wangu aliacha hivyo baada ya ugomvi na kaka yake. Siku ya pili akatetemeka mpaka akashikwa na degedege, mtu mzima. Wakasema karogwa. Hospitali wakasema ni pombe imekatwa ghafla, na kwamba kuna dawa za kumsaidia mtu wa aina hiyo ashuke taratibu.

Halafu msije mkadhani mimi nawanyooshea kidole wanywa pombe tu. Baba yangu mdogo kule Moshi hakuwahi kugusa hata mbege, na alikufa kwa saratani ya umio. Chai yake ilikuwa inatoka jikoni inachemka anainywa hivyohivyo, akikuona unapuliza anakucheka. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa kimataifa walisema vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia saratani hiyohiyo, ambayo imeenea sana ukanda wetu huu wa mashariki mwa Afrika. Kama ndiyo iliyompata yeye siwezi kujua. Tangu hapo chai yangu naiacha ipoe, wananicheka mimi.

Kwa hiyo kwa aliyeuliza: bia mbili kila jioni si kidogo. Ni mara mbili na nusu ya kile Uingereza wanachokiita ukomo, na hiyo ni kama kweli ni mbili. Akitaka kujua, mwezi mmoja aandike kijiti kwa kila chupa, za ofa na za kufungia zikiwemo, halafu amwonyeshe mtu mwingine ahesabu.

Grosari nilifunga. Ningependa kusema dhamiri ilinisuta, lakini ni kodi ya fremu. Sasa fremu ileile nauza chakula. Fundi bado anakuja, amepungua, dawa anameza, na anasema daktari aliubandika ule ukurasa kwenye faili lake. Anaagiza chai na chapati mbili na kulipa taslimu. Tatizo ni kwamba deni la ile wiki, shilingi 62,000, lilikuwa kwenye ukurasa huohuo, na kila nikimgusia ananiambia nikamdai daktari.