Kwa nini tovuti ya safari inadukuliwa tena siku tatu baada ya kusafishwa

Mkuu, umesema tovuti ya WordPress ya kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapo Moshi, inawarusha watu kwenye kurasa za kamari wakitokea Google. Ukiandika anwani mwenyewe inafunguka vizuri. Umefuta faili ngeni mara mbili, na mara zote zimerudi baada ya siku tatu.

Kwanza acha kuipima kwa kompyuta ya ofisini. Msimbo wa aina hii huangalia mgeni katokea wapi na anatumia kifaa gani, halafu humkwepa msimamizi. Jifanye mgeni, kwa amri hii ya terminali:

curl -sIL -e "https://www.google.com/" -A "Mozilla/5.0 (iPhone; CPU iPhone OS 16_0 like Mac OS X)" https://anwani-yako

Ukiona mstari wa location unaoelekea kwingine, uchafu bado upo. Usipouona, ondoa herufi I kwenye amri usome ukurasa mzima, maana wengine huelekeza kwa JavaScript. Rudia kwa bando la simu pia: baadhi hukumbuka IP na kukuelekeza mara moja tu.

Usifute kitu chochote sasa hivi. Pakua nakala ya faili zote, hifadhidata na logi za seva (kumbukumbu za kila ombi lililoifikia tovuti), kwa sababu hosti nyingi hazitunzi logi muda mrefu na humo ndimo jibu lilimo. Kisha tafuta faili zilizoguswa karibuni:

find . -type f -name "*.php" -ctime -10

Nimeweka ctime, yaani muda faili lilipoguswa mara ya mwisho, kwa makusudi. Tarehe unayoiona kwenye kidhibiti faili cha cPanel (paneli ya kusimamia hosti) inaghushiwa kirahisi, ndiyo maana faili la jana linajionyesha la miaka mitatu iliyopita. Ctime huandikwa na mfumo wenyewe. Ila ukifanya chmod (kubadili ruhusa) ya folda zote unaiharibu, hivyo usiguse ruhusa kabla ya hatua hii. Endesha pia find wp-content/uploads -name "*.ph*". Humo panatakiwa picha na PDF, ukiondoa index.php tupu ambazo plagini (programu za nyongeza) huziweka, kila PHP utakayoikuta ichunguze.

Chukua muda wa faili la kwanza kabisa, uende kwenye logi utafute maombi ya POST (yanayotuma data kwa seva) ya dakika zile. Kagua saa za logi: nyingi huandikwa kwa UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Ombi la 22:14 kwa hapa ni saa saba na dakika 14 usiku. Wengi hukosa mstari wenyewe kwa sababu hiyo tu. Njia iliyoombwa kwenye mstari huo itakutajia plagini yenye tundu.

Sasa jambo ambalo huku kwetu Arusha na Moshi husahaulika sana. Fundi mmoja hununua akaunti moja ya hosti na kupanga humo tovuti za wateja watano au kumi: ya safari, ya loji, ya shule, na ile ya majaribio iliyoachwa tangu zamani. Zote zinaendeshwa na mtumiaji mmoja wa seva, kwa hiyo tundu kwenye ile iliyosahauliwa linatoa ruhusa ya kuandika kwenye zote. Utaisafisha ya kampuni mpaka ing'ae, jirani ataichafua tena usiku. Muulize fundi kuna nini kingine kwenye akaunti hiyo. Tovuti isiyo na mwenyewe ifutwe, na kila mteja apewe akaunti yake.

Ukishajua tundu, usisafishe faili mojamoja. Futa wp-admin na wp-includes zote pamoja na PHP za folda kuu, ubakize wp-config.php, kisha pandisha toleo safi. Kupandisha juu ya faili zilizopo hakutoshi, kwani faili la ziada halifutwi. Plagini nazo zifutwe ziwekwe upya kutoka chanzo rasmi. Amri ya wp plugin verify-checksums --all (ya zana ya WP-CLI), inayolinganisha faili na za asili, inasaidia, ila haina majibu kwa zile za kulipia. Themu iliyochakachuliwa itupe bila mjadala. Leseni halali ni makumi ya dola, na mgeni mmoja wa njia ya Machame analipa zaidi ya dola elfu moja.

Soma kwa macho wp-config.php, .htaccess, .user.ini (tafuta auto_prepend_file), folda ya mu-plugins (plagini zinazojiwasha zenyewe) na crontab -l (orodha ya kazi za ratiba za seva). Siku tatu zako zinanukia kazi ya ratiba.

Orodha ya wasimamizi usiiamini kwenye dashibodi, maana plagini chafu huweza kumficha mtu. Uliza hifadhidata moja kwa moja:

SELECT user_id FROM wp_usermeta WHERE meta_key='wp_capabilities' AND meta_value LIKE '%administrator%';

Nywila badilisha mwisho, baada ya faili kuwa safi: hosti, FTP, hifadhidata, wasimamizi, halafu wp config shuffle-salts ili kila aliyeingia atolewe. Ukitanguliza nywila, mlango wa nyuma (msimbo alioacha mdukuzi ili arudi) unaisoma mpya ndani ya wp-config.php.

Umeuliza pia kama kosa ni programu huria, yaani zenye msimbo wazi kama WordPress. Hapana. Msimbo kuwa wazi kunasaidia tundu kuonekana na kuzibwa, lakini kiraka kikitoka, mdukuzi naye analinganisha toleo la jana na la leo na kujua pa kupiga. Drupal, mfumo mwingine huria wa tovuti, ilipotoa kiraka tarehe 15 Oktoba 2014, timu yake ilisema baadaye kwamba tovuti isiyozibwa ndani ya saa saba ihesabiwe imeshaingiliwa. Septemba 2020 plagini ya WP File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilibeba faili la mfano la maktaba ya elFinder lililobadilishwa jina likawa PHP inayotekelezeka. Mtu yeyote angeweza kupandisha faili bila kuingia. Toleo 6.9 liliziba. Kwa hiyo viraka vya usalama viwashe vijisasishe vyenyewe. Mabadiliko makubwa ya themu au PHP ndiyo yasubiri masika, Aprili, wageni wakiwa wachache.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pasipoti. Fomu za kuweka nafasi hupokea nakala za pasipoti, na plagini nyingi huzitupa ndani ya wp-content/uploads, mahali pa wazi. Chukulia kwamba aliyeingia kwenye tovuti anazo tayari. Zihamishie nje ya public_html (folda ya tovuti inayoonekana mtandaoni), na ambazo safari zake zimeisha zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo mwambie bosi hili ni suala la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na la wageni wenyewe, halimalizwi na fundi kimyakimya.

Na kama barua pepe za kampuni ziko kwenye cPanel hiyohiyo, fungua Forwarders na Global Email Filters leo, uone kama kuna barua zinazopelekwa kwa mtu mwingine. Anayesoma barua husubiri mgeni aombe ankara ya amana, kisha humtumia yenye akaunti nyingine ya benki. Piga simu kwa kila mgeni ambaye hajalipa, athibitishe namba ya akaunti kwa sauti.

Ukipata mistari ya POST ya usiku ule, iweke hapa kama ishirini hivi. Ficha jina la tovuti, acha njia na saa.