Kumchanganya Dalmatian na mbegu nyingine siyo kumharibu
Mkuu umeuliza kama kumpandisha Dalmatian, yule mbwa mweupe wa madoa, na mbegu nyingine ya mbwa ni kuharibu ukoo. Mi nasema hapana, tena hii mbegu ndo mfano wenyewe. Dalmatian wa ukoo safi karibu wote wanazaliwa na kasoro ya jeni, mkojo unajaa asidi ya yuriki, ile ile inayoleta jongo kwa watu, halafu inaganda mawe kwenye kibofu na madume ndo wanaumia zaidi maana njia yao ya mkojo ni nyembamba, jiwe likikwama hakojoi na usipomuwahisha kwa daktari anakufa. Sasa mwaka 1973 kule Marekani mtaalamu wa jeni Robert Schaible alimpandisha Dalmatian na Pointer, mbwa wa kuwinda asiye na kasoro hiyo, mara moja tu, baada ya hapo akawa anarudisha kwa Dalmatian kizazi hadi kizazi huku akichagua wenye mkojo usiojaa hiyo asidi, na madoa yao wanayo. American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo safi huko, wakaja kuwakubali rasmi 2011, miaka 38 baadaye!! Inauma sana, cheti cha ukoo kuwekwa mbele ya afya ya mnyama. Huyo wako mpe maji mengi, maini na dagaa punguza maana vinaongeza hiyo asidi, na mtoe akojoe mara kwa mara.