Mvumo ule si ubongo kuungua

Jumatatu usiku nilikuwa namenya vitunguu vya oda ya kesho yake, ukaingia ujumbe wa mama mmoja wa Morogoro. Mwanawe ana miaka 14 na anavaa shime sikio, yaani mashine ya kusaidia kusikia, masikio yote mawili. Kila akiweka simu sikioni analalamika kuna kitu kinavuma. Jirani amemwambia ni mionzi ya simu inakutana na mionzi ya mashine, ubongo wa mtoto unapikwa. "Dada, nimvue?" ameuliza.

Niliacha kisu palepale nikamjibu: usimvue. Maelezo mengine nilimwahidi nitayaandika hapa, maana najua hayuko peke yake.

Masikio yangu yaliondoka mwaka 2015. Niliugua kifua kikuu sugu, nikachomwa sindano za kanamycin kwa miezi mingi. Kifua kikapona, masikioni ukabaki mlio kama wa nyenje, na nyuma ya mlio ukaja ukimya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri sindano hizo ziondolewe kwenye tiba hiyo. Sisi tuliopita kabla ndio hivyo tena. Namshukuru Mungu niko hai, lakini inauma, sitasema haiumi.

Ndugu walinichangia nikapata mashine mbili za kuning'inia nyuma ya sikio. Asubuhi ya kwanza kuzivaa nilisikia kitunguu kikilia kwenye mafuta. Mimi ni mpishi wa shughuli, na kwa mwaka mzima nilikuwa nakaanga kwa macho tu. Nilisimama jikoni nikalia.

Jioni yake mama alipiga kutoka Korogwe. Nikaweka kiswaswadu changu sikioni, na mama sikumsikia. Nilisikia zzzrrr, mvumo mkali kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo, na sauti ya mama mbali kabisa nyuma yake. Nikahamia sikio la pili, yale yale. Msusi wangu akaniambia ni mionzi, ameisikia kwenye sauti iliyokuwa inazungushwa WhatsApp. Niliamini. Miaka miwili sikuongea na mtu kwa simu.

Anayeishi kwa oda za watu anajua maana yake. Mdogo wangu ndiye alikuwa anapokea, na akiwa shuleni simu inaita mpaka inakata. Nilipoteza maulidi, nilipoteza send-off mbili za Mbagala. Mteja wangu wa siku nyingi alinikuta kwenye msiba, akasema mbele ya watu, "Huyu siku hizi ameshiba, hapokei simu." Nilikuwa na bakuli la maji ya kunawa mkononi. Nilinyamaza, nikaendelea kunawisha watu. Mpaka leo nikipita mtaani kwake moyo unashtuka.

Aliyenifungua macho ni fundi redio. Nilimpelekea redio ya jikoni, simu nikaiweka juu ya meza yake karibu na spika. Mara ile redio ikaanza: trrr-trr, trrr-trr. Sekunde mbili baadaye simu yangu ikaita. Sote tumekulia na sauti ile, tulikuwa tunasema "kuna simu inakuja". Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo naisikia kichwani, inanichoma ubongo. Akaigonga redio kwa bisibisi. "Dada, na hii nayo ina ubongo?"

Kisha akanieleza taratibu, akiandika kwenye kipande cha boksi ili nisipotewe na neno. Simu inapoongea kwa mtandao wa 2G haitoi mawimbi mfululizo. Inayatoa kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe hakuna sikio linaloyasikia, ila ule mpigo wa mara 217 unaangukia ndani ya sauti ambazo binadamu anasikia. Redio ina waya na kikuza sauti, shime sikio nalo hivyo hivyo, tena liko sentimita chache tu kutoka kwenye simu. Linaunasa mpigo, linaukuza, linakupa mvumo. Mitandao ya 3G na 4G haikati mawimbi kwa mtindo huo, ndiyo maana kelele hupungua au kuisha kabisa.

Kwa hiyo mama, mvumo ni simu na mashine kutopatana. Hausemi lolote kuhusu ubongo wa mtoto.

Na hofu yenyewe ya mionzi siifanyii dharau, nimeishi nayo. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Kinachojulikana yanafanya ni kupasha joto, na joto hilo limewekewa mpaka: wati 2 kwa kilo ya mwili kwa kipimo kinachotumika Ulaya, 1.6 kwa kipimo cha Marekani. Simu nyingi ukibonyeza *#07# zinakuonyesha kiwango chake. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la "huenda yakaleta saratani", na watu wakashika neno hilo tu. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na shirika hilo hilo, ukapitia tafiti za miaka mingi, na haukukuta uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. Ukitaka kupunguza, punguza: weka spika ya nje, na usipige stori ndefu mahali mtandao ni hafifu, maana hapo simu inaongeza nguvu ili ifike mnarani. Mwenye kifaa cha moyo kifuani aiweke simu mbali nacho, sentimita 15 na zaidi, asiitie kwenye mfuko wa shati.

Sasa kununua simu. Nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mashine zikiwa masikioni na laini yangu mkononi. Nikamwambia muuzaji niiweke laini, mdogo wangu anipigie, nisikilize kabla sijatoa hela. Wa kwanza alikataa. Wa pili akasema, "Mama, nunua au pisha wateja." Sikuona aibu, na wewe usione. Hela ni yako na sikio ni lako! Kwa muuzaji wa tatu nilijaribu simu nne, ya nne ilikuwa kimya, nikamsikia mdogo wangu anapumua. Kwa simu nyingi zinazouzwa Marekani sheria inadai kipimo cha kupatana na shime sikio, na kwenye boksi utakuta M3 au M4 (mashine ikisikia kwa kinasa sauti), na T3 au T4 (ikisikia kwa sumaku). Namba kubwa ndiyo bora, na boksi za karibuni huandika tu kwamba inapatana. Boksi nyingi nilizoshika Kariakoo hazikuwa na alama hiyo, kwa hiyo jaribu kwa sikio lako. Narudia, jaribu kabla ya kulipa.

Kitu kingine sikuambiwa na mtu, nilikigundua jikoni. Kwa mashine ya nyuma ya sikio, kinasa sauti kiko juu pale inaponing'inia, hakiko tunduni. Pandisha simu mpaka spika yake ielekee pale, usiibane sana, ukiibana inapiga miluzi. Kama mashine ina sehemu ya T, iwashe: inachukua sumaku ya spika ya simu moja kwa moja na kelele za sokoni zinabaki nje. Mvumo ukikataa kuisha kwenye simu ya kawaida, piga kwa WhatsApp ukiwa kwenye 4G.

Wazazi, nawaomba kwa jina la Mungu, msimvue mtoto mashine kwa maneno ya jirani. Kila siku anayokaa bila kusikia ni maneno ya mwalimu yanayompita na hayarudi. Uliza mtaalamu wa usikivu. Uliza hata fundi redio.

Jana usiku mama wa Morogoro ameniandikia tena. Wamejaribu kwa simu ya shangazi yake, sikio la kulia kimya kabisa, la kushoto bado linavuma kidogo. Jumamosi wanakwenda dukani, na atakayeisikiliza simu kabla ya kulipa ni mtoto mwenyewe.