Diski Tatu Zionekane Kama Moja

SWALI: Mhariri, nina studio ndogo ya video za harusi. Kompyuta tunayohifadhia kazi inatumia Linux, na ina diski mbili za terabaiti 4 na nyingine ya terabaiti 2. Kazi za wateja zimetawanyika humo ovyo. Nataka diski zote zionekane kama sehemu moja, na baadaye niweze kuongeza ya nne. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kabla ya kuziunga, amua kwanza unataka kitokee nini siku diski moja itakapokufa. Ukiziunga ili tu upate terabaiti zote 10, diski moja ikifa unaweza kupoteza hata mafaili yaliyokuwa kwenye zile nzima. Kwa kazi za wateja, sikushauri kabisa.

Kwa kuwa diski zako hazilingani ukubwa, ningechagua Btrfs, mfumo wa mafaili uliomo ndani ya Linux tangu mwaka 2009. Ikiwa sdb, sdc na sdd ndiyo majina ambayo Linux imezipa diski zako tatu, andika:

mkfs.btrfs -d raid1 -m raid1 /dev/sdb /dev/sdc /dev/sdd

Kila kitu kitahifadhiwa nakala mbili katika diski mbili tofauti, na kwa kuwa mfumo wenyewe hugawa nafasi hadi diski ndogo nayo itumike yote, utapata takriban terabaiti 5. Ni nusu ya ulichonunua, lakini harusi hairudiwi.

Amri hiyo hufuta yaliyomo, kwa hiyo hamishia kwanza kazi zote kwenye diski ya nje. Ikikataa kwa sababu diski tayari ina mfumo wa mafaili, usikimbilie kuongeza -f, inayoilazimisha iendelee, kabla ya kuhakikisha, kwa lsblk -f, amri inayoorodhesha diski na mifumo yake ya mafaili, kwamba hiyo ndiyo diski uliyokusudia. Katika /etc/fstab, faili linaloiambia Linux ifungue diski zipi na wapi inapowaka, tumia UUID, yaani namba ya utambulisho ya mfumo wa mafaili, kwani majina kama sdb huweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya.

Diski ya nje iendelee kuwa na nakala ya kazi zako hata baada ya hapo, maana faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutika katika nakala zote mbili. Kila mwezi endesha btrfs scrub start /kazi, ikiwa /kazi ndiyo folda ulipoufungua mfumo huo, ambayo husoma data yote na kurekebisha iliyoharibika kwa kutumia nakala nzima.

Ya nne utaiongeza kwa btrfs device add /dev/sde /kazi, kisha btrfs balance start /kazi itasambaza upya data katika diski zote nne huku mkiendelea na kazi, ingawa kwa saa kadhaa kompyuta itakuwa nzito.