Wingu la atomu likitanuka, usikimbilie kusema limepata joto

Swali: Nasoma shahada ya uzamili, na tunapoza atomu za rubidi hadi zifikie kondenseti ya Bose-Einstein, yaani hali ya baridi kali mno ambamo atomu nyingi hutenda kama kitu kimoja. Tukibana ghafla mtego unaozishikilia atomu kisha tukaulegeza, picha inaonyesha wingu limetanuka na programu inasema jotoridi limepanda zaidi ya mara mbili. Milisekunde chache baadaye linashuka lenyewe, halafu linapanda tena. Je, leza ndiyo inayopasha gesi? Tuzidishe upozaji kwa uvukizi, yaani kuziacha atomu zenye nishati kubwa zitoroke?

Jibu: Uvukizi msiuguse. Mtapoteza atomu bure, na tatizo litabaki palepale.

Jibu umeshaliandika mwenyewe: "linashuka lenyewe". Leza inayopasha gesi huongeza joto tu, haiji baadaye kulirudisha. Kinachopanda na kushuka hapo ni upana wa wingu, na programu, kwa kuwa haikufundishwa kazi nyingine, inaugeuza kila upana kuwa jotoridi la nanokelvini (sehemu za bilioni za kelvini). Wingu lenu linapumua. Katika mtego mrefu mwembamba, kondenseti iliyobanwa hupumua upande wa wembamba kwa takriban mara 2 ya masafa ya mtego upande huo (mara ngapi kwa sekunde atomu moja ingeyumba ndani yake), na upande wa urefu kwa takriban mara 1.58 ya masafa ya huko. Pigeni picha mfululizo mkiongeza muda wa kusubiri kwa hatua ndogo kuliko kipindi cha mtetemo, kisha mchore upana wa pande zote mbili. Mkiona wimbi lenye masafa hayo, leza haina kosa.

Kinachonichosha ni tabia iliyozagaa ya kupiga picha moja, kulazimisha mchirizo wa Gauss (ule wenye umbo la kengele) juu yake, na kuandika namba moja kwenye daftari. Jotoridi lina maana pale gesi ilipotulia katika msawazo. Gesi mliyoisukuma sasa hivi bado haijafika huko. Kuiongezea nishati ni jambo moja, kuipasha ni jingine. Sogezeni kitovu cha mtego wa kiparabola bila kubadili ukazo wake: wingu zima litayumba kwa masafa yaleyale ya mtego, atomu ziwe zinasukumana sana au kidogo, na umbo lake halitabadilika. Nishati imeingia, ndiyo, lakini mtoto anayebembea juu hatusemi ana homa.

Mtetemo hufifia, sikatai, na nishati yake huishia kuwa joto. Maabara ya JILA kule Boulder, Marekani, iliona mitetemo ya namna hii ikififia tangu 1996, mwaka mmoja tu baada ya kondenseti ya kwanza kupatikana hapohapo. Ila msijiwekee muda wa kusubiri kwa kukisia. Mwaka 2006 Kinoshita, Wenger na Weiss walifungia atomu za rubidi katika mirija ya mwanga myembamba kiasi kwamba ziliweza kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja tu. Ziligongana maelfu ya mara bila kufikia msawazo. Mtu angewapa "jotoridi" la gesi ile kwa kubofya kitufe, na lisingekuwa na maana yoyote.

Namba ya jotoridi ikisomwa bila kuitazama gesi yenyewe huzaa uzushi. Mwaka 2013 watafiti wa Munich walipanga atomu za potasi ndani ya kimiani cha mwanga (vishimo vilivyopangwa kwa miale ya leza) hivi kwamba nyingi zilikaa karibu na kilele cha nishati inayoruhusiwa, badala ya chini. Kihesabu, jotoridi la hali hiyo ni hasi. Basi vichwa vya habari vikatangaza kwamba gesi imekuwa baridi kuliko sifuri halisi (kikomo cha chini kabisa cha baridi), na mpaka leo napokea maswali ya watu wanaotaka kujua friji ya namna hiyo itapatikana lini. Haitapatikana kwa njia hiyo. Gesi yenye jotoridi hasi ikigusana na kitu chochote chenye jotoridi chanya, joto hutoka kwenye gesi kwenda kwenye kitu.