Utetezi wa Peirce kwa kanuni ya pragmatizimu

Kanuni ya pragmatizimu husema kwamba maana ya wazo ni matokeo ya kivitendo tunayoyatarajia kutokana nalo. Je, utetezi wake ni kwamba kinachofaa ndicho kweli? Hapana, kanuni haijitetei kwa kusema tu "inafaa, basi ni kweli". Hoja ya kwanza ya Charles Peirce, mwanafalsafa Mmarekani aliyeiasisi, kwenye makala zake za 1877 na 1878, inaanzia mbali na hapo: kuamini jambo ni kuwa tayari kutenda kwa kulifuata, wazo alilolichukua kwa mwanafalsafa Mskoti Alexander Bain. Kama ndivyo, imani mbili zinazotufanya tutende vilevile katika kila hali ni imani moja iliyovaa maneno tofauti. Ndiyo maana akasema almasi kuwa ngumu ni kwamba vitu vingi ukivisugua juu yake havitaikwaruza. Basi, hakuna "ugumu" mwingine uliojificha ndani.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo imeegemea saikolojia, na Peirce mwenyewe hakuridhika nayo. Kwenye mihadhara yake ya Harvard ya 1903 aliihamishia kwenye mantiki ya kubuni nadharia tete, yaani makisio ya kupimwa: nadharia tete isiyotabiri chochote cha kupimwa, uchunguzi utaifanyia nini? Kwangu hii ndiyo yenye nguvu.

Ila angalia, 1878 alilegea kuhusu almasi isiyowahi kuguswa hadi ikateketea, kana kwamba kuiita ngumu au laini ni hiari ya msemaji. Mwaka 1905 akajirekebisha: kinachohesabika ni ambacho kingetokea kama ingesuguliwa. Lawama za "ukweli ni faida" mpelekee William James, mwanapragmatizimu mwenzake, aliyeivuta kanuni hadi kwenye maana ya ukweli wenyewe.