PSA ndogo, tezi kubwa: mkuu, usiifute hiyo MRI

Mkuu, usiifute. Salamu baadaye. Umeandika mzee mkojo unakatikakatika, tezi dume imevimba, dawa hazisaidii, ila PSA (kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume) ni 1.8 na jamaa wa kliniki kasema "PSA safi, hakuna saratani, MRI ya nini?" Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikashangilia.

Mgonjwa alikuwa kaka yangu, miaka 44, PSA 1.2. Fomu ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili, nilikuwa nayo mkononi. Nikaikunja nikaitia mfukoni, hela tuliyochanga nikanunulia mabati. Mabati mazuri, hayavuji mpaka leo. Miezi mitano kaka anameza tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, akilalamika namjibu kiprofesa: PSA chini ya 4 huna shida! Usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa. Wakamwekea mpira wa mkojo. Daktari wa zamu akapima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, akanyamaza, akavua glavu taratibu. MRI ikaonyesha uvimbe umejaza nyonga, kibofu kimesukumwa juu.

Kinyama kilichokatwa kupimwa kilirudi na jina refu: leiomiosakoma, aina ya sakoma, yaani saratani ya misuli na tishu nyingine laini. Saratani za tezi dume zaidi ya 90% huanzia kwenye seli zinazotengeneza PSA. Hii huanzia kwenye misuli laini ya tezi, na misuli haitengenezi PSA. Damu inasoma safi, uvimbe unakua kama tikiti. Ni nadra, haifiki hata 1 kati ya 100, na bwana wa kliniki aliyemwona kaka alijitetea kwa neno hilo hilo, "nadra". Sawa, nadra. Kidole je, nacho nadra? Hakumpima hata mara moja! Lakini fomu haikuwa mfukoni mwake, ilikuwa mfukoni mwangu.

PSA haisomwi peke yake. Dawa zikishindwa na tezi inazidi kukua, pigeni picha, kisha kitolewe kinyama. Nacho msiridhike na kuangaliwa kwa darubini tu. Ulizeni kama kinahitaji imunohistokemia, zile rangi maalumu zinazoonyesha seli zimetoka wapi. Cha kaka kilitoka desmini (alama ya seli za misuli) chanya, PSA hasi. Ikiwa sakoma, CT (picha ya kompyuta) ya kifua hapo hapo, maana hukimbilia mapafu. Kwa kaka ilishafika.

Uliuliza na mambo ya bima, sijui na kufunga kula... watakuambia mapokezi. Fomu yenu ya lini? Kama imepitwa na muda, kesho asubuhi rudini mkaandikiwe nyingine.